Mvi za mawe: kutoka ziwani hadi Buhene



Katika miji mingi hakuna anayejua jiwe la ukuta wake lina miaka mingapi. Sisi wa Goma tunajua. Tunasema "hili ni la 2002", "lile ni la 77", kama tunavyotaja watoto wetu kwa mwaka wa kuzaliwa. Tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, 22 Mei 2021: hizo ndizo siku Nyiragongo ulipopasuka na lava ikashuka upande wetu, na kila mama mwenye umri wa kutosha anaweza kukueleza alikuwa amebandika nini jikoni saa hiyo.

Ndiyo maana swali lililoletwa kwenye likelemba yetu lilitupeleka mbali kuliko tulivyotarajia. Bustani yetu ya mboga, kama zilivyo nyingi hapa mjini, iko juu ya mawe. Udongo tuliubeba kwa magunia, mgongoni na kwa chukudu. Sasa mama mmoja aliona mawe ya ukingoni yametoka madoa ya mviringo, meupe na ya kijivu, kama choa kwenye kichwa cha mtoto. Akauliza: huu ni ugonjwa? Utahamia kwenye sombe na lengalenga? Siku ya salongo tuyasugue kwa brosi ya chuma na maji ya javeli?

Mama prezida akajibu kwamba kitu tusichokijua tusikisugue kwanza. Jumatano iliyofuata tukatoka wanne: mimi, mama mwenye swali, mama mzee ambaye hakubali kuachwa nyuma, na dada mmoja wetu anayefundisha biolojia sekondari, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Tulibeba chupa ya maji, rula ya mtoto wa shule, na kioo kidogo cha kukuzia cha fundi saa. Tulianzia ziwani, tukapanda na mji kuelekea mlimani.

Ukuta wa kwanza tulioukagua uko karibu na bandari, wa mawe meusi yaliyounganishwa kwa saruji. Kwa mbali unaonekana mchafu. Sogea, weka kioo, na uchafu unakuwa kitu kingine kabisa. Kuna doa la kijivu lililopasukapasuka kama tope la kiangazi. Juu yake kuna visahani vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini. Pembeni kuna jingine jeupe, laini, lenye ukingo mwembamba kama pindo la kitenge. Na pale yanapokutana mawili, kuna mstari mweusi katikati, kama mpaka kati ya parseli mbili.

"Jaribuni kuling'oa kwa ukucha," Mwalimu akasema.

Hatukuweza. Ukucha uliteleza tu. Hiyo ndiyo alama ya kwanza, na ndiyo itakayokusaidia kuliko zote. Mnaijua sufuria ya wali uliosahauliwa motoni: wali wa juu unapakuliwa, lakini ule wa chini umeshikana na sufuria, ukitaka kuutoa unatoka na chuma. Ule ni ukoko. Na hiki kilichoko kwenye jiwe kinastahili jina hilohilo, kwa sababu hakikukaa juu ya jiwe tu. Nyuzi zake nyembamba zimeingia ndani kati ya chembe za jiwe. Ukikikwangua kwa kisu, unaondoka na jiwe pia.

Shuleni watoto wanaiita likeni, wakifuata Kifaransa. Vitabu vya Kiswahili vina neno kuvumwani, nami nalipenda kwa sababu neno lenyewe ndiyo maelezo. Ni viumbe viwili katika nyumba moja. Kuvu ni ndugu wa uyoga na wa ule ukungu unaoota kwenye mkate. Mwani ni ndugu wa ule ujani unaotokea ndani ya bidoni ya maji iliyoachwa juani. Kuvu hawezi kujitengenezea chakula. Mwani anaweza, kwa mwanga wa jua, lakini juu ya jiwe kavu peke yake angekauka kabla ya adhuhuri. Basi kuvu anasuka nyumba, anashika unyevu, anaweka kivuli. Mwani anakaa ndani, anapika sukari, wanakula wote wawili.

Mtu aliyeliona jambo hilo kwanza alikuwa Mswisi, Simon Schwendener, mwaka 1867, na wataalamu wengi wa likeni wa wakati wake hawakutaka kabisa kumwamini. Alilinganisha kuvu na bwana, na mwani na watumwa wake. Mwalimu alipotueleza hilo, mama mzee alicheka hadi akakaa chini: "Yaani anayepika ndiye mtumwa? Huyo mzungu alioa."

Likeni zote si ukoko. Ziko zinazofanana na majani madogo yaliyobanwa, ambayo unaweza kuyainua kwa ukucha upande mmoja. Ziko zinazosimama kama vichaka, au kuning'inia kama ndevu kwenye miti ya juu milimani ambako ukungu haukauki. Lakini mjini wengi wetu tunaishi na hizi za ukoko, na ndizo tunazozikanyaga bila kuzisalimia.

Kuna vinavyodanganya. Tone la rangi ya nyumba halina visahani wala ukingo unaokua. Kinyesi cha ndege kinalainika kwenye maji. Ule unga mweupe unaotoka kwenye ukuta wa saruji wenye unyevu ni chumvi, unafutika kwa kidole. Ujani mwororo kama sponji, wenye vijani vidogo sana, ni mmea wa kweli, si likeni. Na kuna kitu kama kutu, chekundu cha machungwa, chenye manyoya, kwenye kuta na magome ya kivulini, kinachobaki kwenye kidole ukikigusa. Huyo ni mwani aliyeamua kukaa peke yake.

Ukiwa bado na mashaka, mwagia maji. Tulimwaga kidogo kutoka kwenye chupa, tukasubiri muda wa kuhesabu mpaka ishirini, na lile doa la kijivu likageuka kijani mbele ya macho yetu. Likikauka, nyumba ya kuvu haipitishi mwanga vizuri, inaonekana kijivu. Ikilowa, ukuta wake unakuwa kama kioo na mwani anaonekana ndani. Mama mwenye swali alirudia mara tatu, kwenye mawe matatu, kisha akasema choa hakifanyi hivyo.

Juu ya ukuta huohuo, pale kunguru wanapopenda kutua, kulikuwa na ukoko wa rangi ya machungwa iliyoiva. Zipo likeni zinazopenda chokaa ya saruji na zinazostawi kwa samadi ya ndege. Ukiona rangi hiyo kwenye ncha ya ukuta au bega la sanamu, angalia juu: kuna mkaaji.

Kwenye miti habari ni tofauti kidogo. Tuliingia kwenye uwanja wa parokia wenye miti ya avoka na grevilea. Mti wenye gome laini ulikuwa na doa jeupe lenye mistari myeusi mifupi, iliyopinda na kukatika, kama mtu aliyeandika barua akaichanachana. Jina la kisayansi la kundi hilo ni Graphis, kutokana na neno la kuandika. Mistari ile ni visahani vyake, ila vimerefuka. Likeni hii hainyonyi mti. Gome kwake ni mahali pa kukaa tu. Avoka ukiacha kuzaa, tafuta sababu kwenye mizizi, kwenye maji, kwenye wadudu, lakini usiumenye mti kwa panga kwa sababu ya haya madoa. Jeraha la panga ndilo linaloleta ugonjwa. Na mkaratusi wako ukiwa hauna likeni hata moja, usishangae: unavua gome lake mara kwa mara, na ukoko hauwezi kujenga juu ya nyumba inayobomolewa.

Baada ya hapo tulipita makaburini. Hatukuwa tumepanga, lakini mama mwenye swali aliomba.

Alimzika mtoto wake wa kwanza mwaka 2008. Msalaba ni wa saruji, jina liliandikwa kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Kila mwaka amekuwa akija na brosi ya chuma kutoa madoa, kwa sababu hataki mtu aseme kaburi la mwanawe limeachwa. Mbele ya msalaba ni safi kweli. Lakini herufi zimekuwa kifupi, zinafifia, na herufi ya mwisho ni ya kukisia kwa kidole kuliko kwa jicho.

Mwalimu alipiga magoti, akaangalia muda mrefu kabla ya kusema. "Mama, si likeni zilizokula herufi. Zimeshika saruji, na brosi inapozitoa inatoka na saruji. Ukiziacha, zitafunika, lakini pole sana. Ukitaka kusafisha, tumia maji matupu na brosi laini, ile ya nguo za mtoto, na uache kile kisichotoka."

Nyuma ya msalaba, ambako hakuwahi kusugua, kulikuwa na duara la kijivu, safi kama lililochorwa kwa bilauri. Tulipima kwa rula: milimita 23 kutoka ukingo hadi ukingo. Lilianza kama nukta baada ya saruji kukauka, na tangu hapo linajipanua kila upande kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Mama yule aliweka kidole katikati ya duara na hakusema kitu. Hatukumharakisha.

Makaburi ndiyo yaliyowafundisha wataalamu kuhesabu. Mwaustria Roland Beschel, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalianza kutoka mwaka 1950, alipima likeni za ukoko kwenye mawe ya makaburi huko milima ya Alpi, kwa sababu tarehe ziko zimeandikwa. Akijua likeni ya aina fulani imefikia upana gani kwa miaka mingapi, aliweza kwenda kwenye mawe yasiyo na tarehe, yaliyoachwa na barafu ya mlimani iliyorudi nyuma, na kukadiria yamekaa wazi tangu lini. Ila kipimo cha mahali pamoja hakihami. Jiwe la kivulini, jiwe la juani, jiwe la ziwani na jiwe la mlimani, kila moja lina mwendo wake. Na ukoko hauhesabu umri wa jiwe. Unahesabu tangu siku uso ule ulipofunguka kwa hewa. Jiwe la zamani sana likipasuliwa jana kwa nyundo, uso wake mpya una umri wa siku moja.

Hilo walituonyesha wamama wa nyundo. Mnawajua, wanaokaa kando ya barabara chini ya mwavuli au gunia, wakivunja mawe ya lava kuwa kokoto za kujengea, ndoo kwa ndoo. Tulipowauliza kama wanayajua madoa haya, walicheka kidogo, wakatuona watu wasio na kazi. Kisha mmoja akainua jiwe, akaligeuza. Upande mmoja mweusi unaong'aa, ulitoka kwenye nyundo asubuhi ile. Upande wa pili kijivu, umekunjamana.

"Huu ndio uso wake," akasema. "Hapa ni mvi. Lava ya 2002 tulipoanza kuivunja haikuwa na mvi. Sasa imezeeka pamoja nasi."

Jina la makala hii nimelichukua kwake.

Lava ile ya 2002 ilipita uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Mahali pengine ilikuwa na kina cha mita 2, na kuna majengo ambayo ghorofa ya kwanza ilikuja kuwa chini. Watu walijenga juu yake ingali na joto. Kwa hiyo sehemu kubwa imevunjwa, imesawazishwa, imekuwa ukuta, na mvi zake lazima uzitafute: nyuma ya choo, kwenye mwamba ulioshindikana kuvunjwa, kwenye kona ambayo hakuna aliyeitaka. Vumbi na moshi wa mji pia haviusaidii ukoko kukua.

Ukitaka kuziona vizuri, ondoka mjini. Tulipofika upande wa Munigi, Mwalimu alituonyesha mwamba wa zamani ambao haujaguswa. Hapo jiwe halikuwa na madoa tu. Lilikuwa na kapeti la kijivu, vishina vidogo vilivyosongamana, urefu wa pingili ya kidole, vyenye vichwa kama unga wa muhogo ulioshikana. Wataalamu wanaiita Stereocaulon vulcani, na kwenye lava ya milima yetu ya Virunga ndiyo inayotangulia kushika nchi. Inaanza kama chembe za ukoko zilizoshikamana na jiwe, kisha inainua vishina. Kwenye miteremko yenye mvua nyingi, kama ya Nyamulagira, inaweza kugeuza uwanja mzima wa lava nyeusi kuwa wa kijivu katika miaka michache. Wanaosafiri kwa ndege huiona kwa juu na kudhani ni majivu.

Hapa ndipo nilipomwelewa mama prezida kwa kukataza brosi. Jiwe jipya la lava halina azoti, ile iliyomo kwenye mbolea ya urea tunayoinunua kwa bei ya kuumiza. Bila azoti hakuna jani. Likeni hii ina vifundo vidogo ambamo anakaa mpangaji wa tatu, bakteria wa rangi ya kijani-bluu, anayechukua azoti kutoka hewani, kazi ileile inayofanywa kwenye mizizi ya maharagwe. Wakati huohuo asidi za likeni zinalainisha uso wa jiwe pole pole. Ikilowa inavimba, ikikauka inajikunja, na kila mara inang'oa chembe. Vumbi linalopita linanaswa. Likeni inakufa inabaki pale. Baada ya miaka, ndani ya ufa kuna kijiko kimoja cha kitu cheusi, laini, ambacho mama yeyote mwenye bustani akikisugua kati ya vidole atakiita kwa jina lake: udongo. Kangaga huja, wale wenye majani kama manyoya ya ndege. Halafu nyasi, halafu vichaka.

Magunia yetu ya udongo yalitoka mahali ambapo kazi hiyo ilishafanyika zamani. Upande wa Sake, lava ya Nyamulagira iliyotoka mwaka 1938 hadi 1940 na kufika ziwani imekwishafunikwa na majani na miti. Mama mzee alisema mama yake alimweleza habari za moto ule, maji ya ziwa yakichemka, na leo watu wanachuma huko kuni.

Buhene tulifika saa nane. Lava ya 2021 ilisimama hapo, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ni nyeusi bado, ukiitazama jua likiwa juu inakurudishia mwanga usoni. Tuliinama kwa zamu kwenye nyufa, na huko ndani, penye kivuli na unyevu, tukaona vinukta. Vya kijivu, vya rangi ya majivu, vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Nje juani, karibu hakuna kitu.

Na hapo ndipo tulipokutana na jambo ambalo limenifanya niandike. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi na watoto wanne alikuwa anaonyeshwa parseli. Aliyekuwa anamwonyesha alimwambia kwamba mawe haya ni ya 77, kwamba 2021 ilipita kule, akinyosha mkono upande mwingine. Mama yule hakuwepo Goma miaka hiyo. Angejuaje? Mawe ni mawe, yote meusi. Pesa alikuwa nazo ndani ya kitenge, mkono ukiwa juu yake.

Mama mzee hakubishana na muuzaji. Alimshika mgeni mkono, "Njoo mwanangu, nikuonyeshe kitu," akampeleka kwenye mwamba usiovunjwa, akampa kioo cha fundi saa. Mweusi, safi, vinukta kwenye ufa. Kisha wakatembea pamoja pole pole hadi kwenye mwamba ambao majirani wote wanaujua ni wa 1977. Huo ulikuwa na kapeti la kijivu, maduara ya ukoko yaliyoshonana kama viraka, kangaga katika kila shimo, na kichaka kimoja kimetia mizizi. Ni mahali palepale, mvua ileile, jua lilelile. Mama wa Masisi aliangalia mwamba mmoja, akarudi kuangalia mwingine. Hakuhitaji Mwalimu amweleze.

Naomba nieleweke. Kununua kwenye lava mpya si kosa. Wengi wetu tumejenga juu ya lava mpya, na Goma yote iko juu ya lava, tofauti ni mwaka. Lakini bei ya mahali palipoungua juzi si bei ya mahali palipopumzika miaka hamsini, na mama ana haki ya kujua anachonunua. Lava zote tatu zilishuka upande wa kusini wa mlima, upande tuliopo sisi. Ukoko haukuambii lava ijayo itapita wapi wala lini. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa Observatwari ya Volkano hapa Goma, na redio iwe wazi. Ukoko unakuambia kilichopita. Kabla ya kutoa pesa, angalia mwamba ambao nyundo haijaugusa, ulinganishe na mwingine wa karibu ambao mwaka wake unajulikana, kisha uwaulize majirani wawili watatu na shefu wa avenyu, kila mmoja peke yake.

Jambo moja la hewa. Likeni hazina mizizi. Zinakunywa na kula yale yanayokuja na mvua, ukungu na vumbi, wala hazina namna ya kukataa. Ndiyo maana moshi wa salfa unaziua. Katika miji ya viwanda ya Ulaya zilitoweka kabisa kwenye miti, na hewa iliposafishwa zikarudi. Sisi tuna kiwanda chetu kinachoitwa Nyiragongo. Moshi wake mara nyingi unasukumwa na upepo kuelekea magharibi, Rusayo na Sake, na mvua inayopita ndani ya moshi huo inashuka na asidi, na floridi pia. Watoto wa sehemu hizo wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, na si kwa sababu mama zao hawawapigishi mswaki. Ni maji. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakutoi floridi. Kama mlima unatoa moshi mzito juu yenu, acheni mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga, na mkipata maji ya bomba au ya chemchemi iliyopimwa, mtoto mdogo anywe hayo. Mahali ambapo mti na jiwe vimebaki bila doa lolote la likeni miaka nenda rudi, hewa yake iulizeni maswali.

Na watoto wakipenda mchezo huu wa kioo na maji, ambao kwangu nyumbani wameshaupenda kupita kiasi, wasiteremke kwenye mashimo na mabonde madogo ya mawe, hasa magharibi ya mji, hasa asubuhi mapema. Mazuku haina rangi wala harufu, ni hewa nzito, inatuama chini kama maji. Ukiona mdudu au ndege amekufa shimoni bila jeraha, rudi nyuma. Wala wasionje likeni, na mtu asiwauzie kama dawa.

Mawe ya bustani hatukuyasugua. Jumamosi ya salongo tulifagia njia, tukazibua mfereji, tukayaacha. Mama mwenye swali alikuja na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akaweka vinukta vinne kwenye ukingo wa duara moja, juu, chini, kulia, kushoto. Mwalimu akaandika kwenye daftari la likelemba, chini ya michango ya mwezi: milimita 9, jiwe la tatu kutoka mlangoni, upande wa mashariki. Tutapima tena mwaka kesho siku kama hiyo. Kaburini ameshapeleka brosi laini.